Meza ya Maabara: Hamira Haijui Idara

Safu hii hujibu barua za wasomaji kuhusu kufundisha na kujifunza sayansi. Anayejibu alianza kazi kama fundi wa maabara jijini Dar es Salaam, akajiendeleza akiwa kazini, akaishia kufundisha kemia chuoni. Sasa amestaafu. Meza anayo bado, iko uani kwake.

SWALI

Shikamoo Mama. Mimi ni mhadhiri msaidizi katika chuo kimoja hapa Dar. Muhula ujao nimekabidhiwa kozi ya maabara ya mwaka wa kwanza inayochanganya fizikia, kemia na baiolojia. Kila idara imenipa majaribio yake manne, jumla 12, kwa wiki 12. Mwaka jana iliendeshwa hivyohivyo, na wanafunzi wakaibandika jina la "kachumbari". Wanafunzi ni 84, mizani zinazofanya kazi ni nne, na nimepewa Jumatano na Alhamisi mchana, kwa muda wa saa tatu kila siku. Nianzie wapi?
*Mhadhiri msaidizi, Ubungo*

JIBU

Marahaba mwanangu. Hao wanafunzi wamewastahi. Kachumbari angalau huliwa kwa pamoja. Ulichokabidhiwa wewe ni abiria watatu ndani ya bajaji moja: mmoja anashuka Mwenge, wa pili Makumbusho, wa tatu anaendelea mpaka Morocco, na hakuna aliyemuuliza mwenzake hata jina.

Mseto ni kitu kingine. Choroko na mchele vikishaiva kwenye sufuria moja, huwezi tena kusema kijiko hiki ni cha choroko na kile ni cha mchele. Ukitaka maabara mseto, usianze kwa kuomba majaribio idarani. Tafuta kitu kimoja ambacho mwanafunzi amekishika tangu utotoni, kisha uulize swali ambalo somo moja peke yake litaishia nalo njiani.

Mimi kitu changu kilikuwa hamira. Hamira ya dukani, ileile ya maandazi. Kila kundi lilipewa chupa ya maji ya nusu lita, na ndani yake gramu 10 za sukari, mililita 200 za maji ya uvuguvugu na kijiko cha chai cha hamira. Mdomoni kizibo cha mpira kilichotobolewa, mrija wa dripu ukitoka hapo kwenda kwenye beseni, na ndani ya beseni silinda ya lita moja iliyojazwa maji na kupinduliwa. Gesi inapanda, maji yanashuka, unasoma. Chupa inapimwa uzito mwanzo na mwisho. Basi.

Mtu wa baiolojia hapo anaona kiumbe anayekula. Wa kemia anaona sukari inakatwa kuwa alkoholi na hewa ukaa. Wa fizikia anaona gesi yenye ujazo, joto na kanieneo, yaani jinsi inavyosukuma. Kwa hesabu, gramu 10 za sukari ya mezani zikichachuka zote hutoa kama gramu 5.1 za hewa ukaa, ambazo kwa joto letu ni karibu lita 3. Kwa saa moja hupati zote, unapata sehemu tu. Lakini sehemu hiyo umeipima kwa njia mbili, kwa mizani na kwa silinda, na njia mbili zikitazamana ndipo maneno yanapoanza.

Nikusimulie Alhamisi moja ya Januari. Feni mbili, inayozunguka moja, kipimajoto cha ukutani kinasoma 30. Kundi la meza ya dirishani lilikuwa limemaliza duru ya kwanza: chupa imepungua gramu 1.14, silinda inasoma mililita 540. Wakataka kurudia. Kwa kawaida beseni humwagwa na kujazwa upya, lakini siku hiyo bomba lilikohoa mara mbili likatoa hewa. Mgao. Fundi wetu akawaambia watumie maji yaleyale. Wakaandaa chupa nyingine, vipimo vilevile, muda uleule wa saa moja. Chupa ikapungua gramu 1.12, yaani pungufu kidogo kuliko mwanzo. Silinda ikasoma 610.

Gesi iliyotoka ni ndogo kidogo, iliyokusanywa ni kubwa zaidi. Wakaniita.

Binti wa baiolojia alisema hamira ya duru ya pili ilikuwa imechangamka zaidi kwa sababu chumba kilikuwa kimepata joto. Mwenzake akamwonyesha mizani: ingekuwa imechangamka, chupa ingepungua zaidi. Akanyamaza. Kijana wa fizikia akasema hawakulinganisha kina cha maji ndani na nje ya silinda, kwa hiyo kanieneo haikuwa sawa. Hoja nzuri. Nikamwambia akokotoe. Tofauti ya sentimita 10 za maji ni kama asilimia 1 tu ya kanieneo ya hewa, na wao walikuwa wanatafuta mililita 70 juu ya 540, ambazo ni asilimia 13. Naye akanyamaza. Aliyebaki alikuwa binti wa kemia, mpole, hajasema lolote tangu saa nane. Akauliza kama hewa ukaa si ileile iliyomo ndani ya soda.

Ndiyo hiyohiyo. Kwa nyuzijoto 30, lita moja ya maji ikipewa muda inaweza kumeza zaidi ya nusu lita ya hewa ukaa. Katika duru ya kwanza beseni lilikuwa linakunywa. Katika duru ya pili lilikuwa limeshashiba. Wakachovya karatasi ya litmasi ya buluu kwenye maji ya beseni, ikaiva wekundu hafifu. Maji ya ndoo ambayo hayajaguswa hayakuibadilisha.

Ungependa kusikia kwamba nilikuwa najua tangu asubuhi. Sikujua. Nilikuwa nimelifundisha jaribio hilo miaka miwili nikiamini kwamba mililita zinazopotea zinavuja kwenye vizibo, na makundi yote nilikuwa nawaambia wazibe kwa jojo iliyotafunwa. Mwalimu wa kemia mzima, mwanangu! Kila siku nafungua soda na mlio wake nausikia.

Wiki iliyofuata hatukuanza jaribio jipya. Makundi yote yalirudia: nusu kwa maji mapya, nusu kwa maji yaliyoshibishwa kwanza. Hilo ndilo utakalopata tabu kuwaeleza wakuu wa idara, maana kwenye ratiba yao wiki ni jaribio. Waambie hivi: vitu vitatu kwa wiki 12. Hamira wiki tano, kwa sababu ina joto la kubadilisha, ina sukari ya kubadilisha, na ina seli za kuhesabu kwenye darubini. Kisha makombe ya baharini wiki tatu. Okoteni yaliyo matupu, Kunduchi yapo bure, mpime uzani, ugumu, na kiasi cha kabonati kwa tindikali (gramu 100 za kalsiamu kabonati hutoa gramu 44 za hewa ukaa, kwa hiyo silinda na beseni vinarudi kazini bila gharama). Kisha maji ya visima wiki nne. Kila mwanafunzi alete chupa kutoka anakoishi. Visima vingi vya karibu na pwani hapa Dar vina chumvi, na kadiri vinavyovutwa ndivyo bahari inavyosogea chini kwa chini. Pimeni jinsi maji yanavyopitisha umeme, pimeni kloridi kwa naitreti ya fedha, halafu otesheni choroko kwenye maji hayohayo muone ipi inagoma. Naitreti ya fedha ni ghali, wape kwa matone.

Si uchawi wa kwetu peke yetu. Chuo cha Harvey Mudd kule California kiliwahi kuanzisha maabara ya namna hii kwa wanaoanza chuo, na mwaka 2002 walimu wake wakachapisha maelezo yake. Miongoni mwa kazi zao ilikuwa kupima kabonati katika sehemu ngumu za viumbe. Niliposoma nilicheka: wao wananunua, sisi tunakanyaga tukienda kuogelea.

Hesabu ya watu: 84 gawa kwa tatu ni makundi 28, siku moja 14. Mizani nne zinatosha ukiwaelekeza wapime mwanzo na mwisho tu, si kila dakika tano. Ndani ya kundi weka mmoja wa kila somo, na hapa uwe mkali: wa fizikia ndiye ahesabu seli, wa baiolojia ndiye akokotoe kanieneo, wa kemia ndiye achore grafu. Wakiachiwa, kila mtu atakimbilia kwake na utarudi kwenye bajaji.

Walimu wawili wa masomo tofauti wawe chumbani kwa wakati mmoja. Nimesema chumbani. Kupokezana zamu ni jambo jingine. Na wabishane mbele ya wanafunzi. Mwenzangu wa fizikia nami tuliwahi kubishana nusu saa kuhusu mvuke wa maji ndani ya silinda, wanafunzi wameacha kazi wanatuangalia kama wanatazama Simba na Yanga. Mwezi mzima baadaye walikuwa wanatuuliza nani alishinda. Alishinda yeye.

Mawili ya haraka. Chupa isifungwe kwa kifuniko chake cha kuzungusha, hata kwa dakika kumi. Dari la maabara yangu ya zamani lina doa la kahawia mpaka leo. Na kila mwaka atatokea mmoja wa kuuliza kama kilichobaki chupani kinanyweka. Mwambie wanzuki hatupikii kwenye vyombo vya maabara, kisha simama hapo mpaka kimwagwe.

SWALI

Shikamoo Mama. Niko mwaka wa pili. Kwetu desa za ripoti za maabara, yaani ripoti za zamani za kunakili, zipo tangu enzi za kaka zetu. Ukipeleka namba zako mwenyewe zikawa mbali na za mwongozo, unapewa 4 kati ya 10. Ukinakili, unapewa 9. Nisipofaulu hata bumu, pesa ya mkopo wa masomo, litakuwa mashakani. Niambie ukweli, nipike data au nisipike?
*Asiyetaka jina, Kimara*

JIBU

Marahaba. Usipike. Ila sitakudanganya kwamba kutopika ni bure. Kwa mwalimu wa aina hiyo utalipia.

Kuna ripoti nililetewa kuhusu hamira hiyohiyo niliyoieleza hapo juu. Safi, imechapwa. Chupa imepungua gramu 1.10, gesi mililita 622, joto nyuzi 30. Nikachukua kikokotoo: gramu 1.10 gawa kwa 44, zidisha kwa lita 24.88 (kwa nyuzi 30, gramu 44 za hewa ukaa hujaza lita hizo). Ni 622 kamili. Makundi mengine yote 13 yalikuwa chini ya hapo kwa sababu beseni lilikunywa gesi, hawa tu ndio beseni lao lilikuwa limefunga. Zaidi ya hapo, gesi inayokusanywa juu ya maji hubeba mvuke, na kwa joto hilo mvuke huongeza ujazo kwa zaidi ya asilimia 4. Kwa hiyo hata kama beseni lisingekunywa tone, walitakiwa kusoma karibu 650. Walipika wakasahau chumvi. Niliwaita, sikuwafokea, niliwaomba tu wanionyeshe hiyo silinda iliyosoma 622. Alama za silinda zile zilikuwa kila mililita 10.

Sasa nikupe kisa cha hapa nchini, maana unaweza kudhani tatizo limeanza na nyinyi. Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu Magamba, Lushoto. Walikuwa wakitengeneza aiskrimu, na nafasi kwenye friza ilikuwa ya kugombea. Yeye akaogopa kukosa nafasi, akaingiza maziwa yake yakiwa bado ya moto. Yakaganda kabla ya ya mwenzake aliyeingiza ya baridi. Alipomuuliza mwalimu, akaambiwa amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, akaja mgeni kuzungumza nao, Denis Osborne, mwalimu wa fizikia kutoka Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam. Mpemba akasimama akauliza swali lake: maji ya nyuzi 35 na maji ya nyuzi 100, kiasi kilekile, friza moja, kwa nini ya moto yanaganda kwanza? Wenzake wakamcheka.

Osborne aliporudi Dar akamwagiza fundi wa maabara ajaribu. Fundi akaleta taarifa kwamba ni kweli, ya moto yametangulia kuganda, lakini ataendelea kurudia mpaka apate jibu sahihi.

Nimekuwa fundi, kwa hiyo yule fundi namwelewa kuliko ninavyomwelewa Osborne. Ndivyo tulivyofundishwa kazi: jibu liko kitabuni, kifaa kisipolitoa, kifaa kina matatizo. Mpemba na Osborne walichapisha pamoja mwaka 1969 na jina la kijana likabaki kwenye jambo lenyewe duniani kote. Na halijaisha. Mwaka 2016 watafiti wawili wa Uingereza, Burridge na Linden, walilipima upya wakasema hawaoni ushahidi wa maana, na kwamba kipimajoto kikitofautiana kidogo tu kimo ndani ya chombo kinaweza kukuonyesha kitu ambacho hakipo. Miaka zaidi ya 50, na bado watu wanabishania kimo cha kipimajoto! Yule fundi angepika namba, ubishi wote huo usingekuwepo.

Kwako wewe, fanya hivi. Andika namba zako kwa kalamu, kwenye daftari lenye kurasa zilizohesabiwa. Mstari unaofuata andika namba ya mwongozo. Mstari wa tatu andika sababu moja unayoishuku, na wa nne utaipimaje. Mpelekee mwalimu kabla ya kukusanya, umuulize kwa adabu kama sababu yako ina mashiko. Mwalimu aliyekwisha kushauriwa huona haya kukupa 4. Wengi wao. Si wote.

Na mwalimu wake kama unasoma hapa, mimi nilisahihisha hivi: alama 3 za kuandaa na kurekodi, 3 za grafu na ukubwa wa kosa la kipimo, 4 za kueleza na kupendekeza jaribio linalofuata. Kukaribiana na mwongozo hakukuwa na alama hata moja. Mwaka wa kwanza wa mtindo huo desa zilishuka thamani mpaka zikawa za kufungia maandazi.

SWALI

Salamu dada. Mimi ni fundi wa maabara, miaka 19 sasa. Tumeletewa kozi mseto yenye walimu watatu. Kila mmoja ananiletea orodha yake, siku ileile, vifaa vilevile. Kwenye vikao siitwi. Jaribio likikwama, naitwa mimi. Nifanyeje?
*Fundi, Temeke*

JIBU

Salama kaka yangu, pole na kazi. Nimesimama hapo uliposimama wewe.

Usiombe kuitwa kikaoni. Tangaza siku ya kujaribu. Waandikie wote watatu karatasi moja: kila Ijumaa saa nne asubuhi jaribio la wiki ijayo litafanywa kuanzia mwanzo hadi mwisho, kwa vifaa halisi, na mwalimu asiyekuja vifaa vyake havitapangwa. Mkuu wako wa idara asaini. Nilipofanya hivyo mara ya kwanza alikuja mmoja tu, kijana wa fizikia, akakuta kwamba silinda anazozitegemea zimekwisha kupangiwa kemia. Ijumaa ya pili walikuja wote na hicho ndicho kikawa kikao. Orodha ikawa moja kwa sababu waliiandikia juu ya meza yangu.

Mambo utakayoyaona Ijumaa yaandike kwenye daftari lako mwenyewe, pamoja na tarehe na joto la chumba. Hamira ya Julai si hamira ya Januari, na mwalimu aliyelizoea jaribio la Januari atakulaumu wewe litakapochelewa.

Kuhusu vifaa vya hamira, kwa kuwa najua orodha hiyo itakufikia: beseni na chupa omba kwa wanafunzi wenyewe, vizibo toboa mwenyewe kwa msumari uliopashwa moto, mirija ya dripu ipo kwenye maduka ya vifaa tiba Kariakoo. Kama makundi ni 28, nunua 34. Kila mwaka kuna minne au mitano inayokatwa na wembe na mtu ambaye hajulikani.